Baba alikuwa anatafuna upande mmoja

Kwa karibu miaka miwili baba yangu alikuwa anatafuna kwa upande wa kushoto tu, na sisi tunaokaa naye kwenye sinia moja kila Ijumaa hatukuona. Pengine tuliona, tukajiambia ni uzee. Mkate aliuchovya kwenye chai mpaka ukalegea. Chungwa la Muheza, ambalo zamani alilimenya kwa kisu na kulifyonza hadi makapi, sasa alitaka akamuliwe. Muwa aliuacha kabisa. Kila kimoja kwa wakati wake, polepole, hata hapakuwa na siku ambayo mtu angesema leo baba kabadilika.

Kilichonizindua ni pweza. Baba ni mtu wa pwani na pweza kwake ni sherehe. Akiletewa kutoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi, humpigapiga mwenyewe kwenye jiwe la uani, hakubali mtu mwingine amguse. Ijumaa moja mwaka jana mama akampika kwa nazi, vile apendavyo. Baba akala wali na mchuzi, na vipande vya pweza akavisogeza mbele yangu kimoja kimoja.

"Kula, mwanangu. Mimi nimekinai."

Mzee wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa Tanga, amekinai pweza. Nikamtazama anavyotafuna wali. Shavu la kulia lilikuwa limetulia tuli.

Niseme kwanza habari ya kisukari chake, maana ndiyo iliyotufikisha kwenye meno. Baba ana kisukari mwaka wa saba sasa. Kliniki walitufundisha vizuri habari ya miguu, na katika hilo sisi ni familia hodari. Kila usiku baada ya Isha anaoshwa miguu kwa maji ya vuguvugu, anakaushwa hadi katikati ya vidole, kisha mama anashika kioo kidogo chini ya unyayo na mimi namulika kwa tochi ya simu. Tunatafuta mchubuko, lengelenge, mwiba, chochote. Tumeambiwa kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kumaliza mguu mzima, na tumeshuhudia kwa jirani. Hatujaruka usiku hata mmoja.

Lakini sukari haikushuka. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilitoka 9.4, safari nyingine 9.6, ilhali kliniki walitaka kikaribie 7. Dawa zikaongezwa. Kikabaki palepale. Na baba, kwa bahati mbaya, anauza kahawa. Jioni baada ya Alasiri anakaa kwenye kona ya mtaa wetu Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba, na dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe kwenye ndoo ya maji, na sahani ya kashata za nazi na za karanga. Ukoo mzima tukahitimisha kwamba anakula kashata kwa siri. Mdogo wangu akaanza kuzihesabu asubuhi na usiku. Siku moja nilimwambia mbele ya mama, "Baba, unajiua mwenyewe." Hakunijibu. Alichukua kofia yake akatoka. Maneno hayo yamenikaa mpaka leo.

Aliyeuliza swali sahihi ni muuguzi mmoja mgeni pale kliniki, binti mdogo ambaye baba angeweza kumzaa. Alimwamkia, akampima presha, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Mzee wangu, ukipiga mswaki unatema damu?"

Baba akacheka. "Kwani kuna asiyetema damu?"

Yule binti hakucheka. Akamwomba afungue mdomo, akainua mdomo wa chini kwa kidole chenye glavu, akatazama, akaandika barua ya kwenda kitengo cha kinywa na meno. Miaka sita ya kliniki, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuangalia ndani ya mdomo wa baba yangu. Na sisi wa nyumbani, tuliokuwa tunamulika nyayo kila usiku, hatukuwahi kupandisha tochi juu.

Daktari wa meno alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Alimlaza baba kwenye kiti, akachukua chuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakichomeka taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, huku msaidizi anaandika. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango nikisikia namba tu. Tatu. Tatu. Nne. Sita. Sita. Saba. Akanieleza baadaye kwamba ufizi mzima hushikana na jino kiasi kwamba chuma kile hakizami zaidi ya milimita tatu. Kikizama sita au saba, maana yake ufizi umeachana na jino na pamefanyika mfuko, na ndani ya mfuko huo kuna bakteria, usaha na mfupa unaolika. Upande wa kulia chini, penye magego mawili yaliyokuwa yanacheza kama vigingi kwenye mchanga, namba zilikuwa kubwa zaidi.

Kisha akaanza kukwangua. Nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapogusa, ukoga ulikuwa umeganda ukaunganisha meno manne kama ukuta. Kipande kimoja kilipobanduka alikiweka kwenye shashi, akamkabidhi baba. Kilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, upande mmoja laini, upande mwingine una chembechembe kama kipande cha tumbawe. Baba alikisugua kwa kidole gumba kwa muda.

"Hili nimekaa nalo miaka mingapi?"

"Mingi, mzee wangu. Hili ni jiwe sasa. Mswaki hauliwezi."

Ukoga huanza ukiwa utando laini, ule unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ni bakteria walioshikana. Mswaki unautoa bila taabu. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate, hasa kalisiamu na fosfati, yanauimarisha ndani ya siku chache mpaka unakuwa jiwe, na jiwe hilo lina uso mkwaruzo ambao bakteria wengine wanaushikilia kwa raha. Ndiyo sababu mtu anaweza kupiga mswaki kila siku, tena kwa bidii, na bado akahitaji kwenda kusafishwa na mwenye vifaa.

Lililonivunja moyo ni daktari alipotaka kumweleza baba ukubwa wa tatizo. Hakutumia maneno makubwa. Alisema hivi: "Mzee, tukiikunjua hii mifuko yote inayozunguka meno yako tukaitandaza, ni kidonda kibichi cha sentimita za mraba kadhaa. Kingekuwa mguuni, ungekaa nacho miaka sita?" Mama, ambaye ndiye mshika kioo, aliinamisha kichwa.

Kwa hiyo hebu nieleze jinsi kidonda cha mdomoni kinavyozuia sukari kushuka, kama nilivyoelezwa na nilivyosoma baadaye. Ufizi una damu nyingi. Ukiwa na uvimbe wa kudumu, mwili unapigana vita mahali hapo usiku na mchana, na kemikali za vita hiyo haziishii mdomoni. Zinasambaa na damu na kuufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari inapanda. Na sukari ikipanda inadhoofisha mishipa midogo ya damu na chembe nyeupe zinazopaswa kulinda ufizi, mate nayo yanapungua, kinywa kinakauka, ufizi unazidi kuoza. Kila upande unauchochea mwenzake. Ndiyo maana madaktari wanasema uhusiano wa kisukari na ugonjwa wa fizi unakwenda njia zote mbili. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 35 za watu wenye kisukari waliotibiwa fizi, na matokeo yake ni kwamba kipimo cha miezi mitatu kilishuka kwa wastani wa takriban 0.4. Asiyeishi na kisukari atasema 0.4 ni kitu gani. Sisi tuliokuwa tunagombana kwa ajili ya 0.2 tunajua.

Moyo nao uko humohumo. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu, kwa mtu mzima mwenye afya kinga huwamaliza. Kwa mtu ambaye valvu za moyo wake, ile milango ya kupitishia damu, zimeharibika, kwa mfano kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, ugonjwa ambao kwetu Afrika Mashariki bado uko, wanaweza kujishikiza kwenye valvu na kuzalia pale. Ndiyo sababu mgonjwa anayetayarishwa kubadilishwa valvu hukaguliwa meno kwanza. Ukiwa na tatizo la moyo la aina hiyo, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa, kwani huenda ukahitaji kunywa dawa kwanza.

Sasa nizungumzie neno moja la kwetu ambalo naliogopa: "jino limelala."

Kila mtu Tanga anajua jino linavyolala. Linakuuma usiku tatu, unalia, unaweka karafuu, unasukutua maji ya chumvi, unakunywa vidonge vya maumivu, kisha siku ya nne unaamka na jino limetulia. Alhamdulillahi. Unarudi kazini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa jino langu lilipolala, gego la kwanza la chini, lile ambalo huota mtoto akiwa na miaka sita na wazazi wengi hudhani ni la utoto litang'oka. Nikashukuru kama wengine.

Jino haliumi bure na halinyamazi bure. Ganda la nje ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa, lakini halina uhai na likilika halioti tena. Tundu likiwa kwenye ganda hilo husikii kitu. Hapo ndipo kuziba jino ni kazi ya kikao kimoja. Likifika tabaka la ndani, maji baridi yanakustua. Likifika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu na damu, ndipo usiku unakuwa mrefu. Na maumivu yakikata ghafla bila matibabu, mara nyingi ni kwamba kiini kimekufa. Hakuna tena wa kukuambia. Bakteria wanashuka kwenye mzizi na kuingia mfupani bila kelele, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Jino langu lililala miaka miwili, likaamka na jipu, nikang'olewa. Lingeweza kuzibwa nilipokuwa kidato cha pili, wakati lina doa jeusi tu la ukubwa wa kichwa cha pini. Nakumbuka nililiona kwenye kioo.

Mtoto wa mjomba wangu, mvuvi, lake lilimfanya vibaya zaidi. Lilikuwa gego la nyuma kabisa chini. Lililala, akaenda zake baharini. Aliporudi taya limevimba. Siku iliyofuata uvimbe umeshuka chini ya kidevu, shingo ngumu kama ubao, ulimi umenyanyuliwa juu, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza, na sauti imebadilika kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Watu wakasema kaumwa na mdudu, wengine wakasema karogwa. Shangazi yangu mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyesema huyu anakosa hewa, tafuteni gari. Hospitali walimpasua chini ya kidevu usaha ukatoka, wakamweka kwenye dawa za kupitia mshipani kwa siku nyingi. Yuko hai, ana kovu. Ugonjwa huo daktari Mjerumani aitwaye Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza mwaka 1836, kabla ya kuwepo antibayotiki, na zama hizo wengi walioupata walikufa. Chanzo chake mara nyingi ni jino la chini lililooza. Ukimwona mtu ana uvimbe chini ya taya pamoja na homa, hawezi kufungua mdomo au kumeza mate, usimwekee karafuu. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Karafuu yenyewe siidharau. Bibi zetu hawakukosea: mafuta yake yana yujenoli, kitu kinachotia ganzi kweli, na madaktari wa meno wenyewe wamekitumia muda mrefu wakikichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Maji ya vuguvugu yenye chumvi nayo yanatuliza ufizi. Hivyo vikufikishe asubuhi, upate kwenda hospitali. Kuhusu mdudu wa jino, yule anayesemekana hutoka ukifukizwa, hayupo. Tundu linachimbwa na asidi. Bakteria wa kinywani wanakula sukari tunayokula sisi, wanatoa asidi, na asidi inayeyusha madini ya jino.

Na hapa ndipo nilipoielewa sahani ya kashata ya baba. Baada ya kila tonge la kitu kitamu, kinywa hubaki na asidi kwa nusu saa hivi mpaka mate yaisawazishe. Kwa hiyo kinachoumiza jino zaidi ni idadi ya mara, kuliko wingi wa sukari kwa mara moja. Mtu akila kashata mbili baada ya chakula cha mchana kisha akanywa maji, meno yake yameshambuliwa mara moja. Baba hakuwa anakula kashata nyingi. Mdogo wangu alihesabu, na hesabu ilikuwa kweli: mbili kwa jioni, tatu siku ya mpira Coastal Union ikicheza. Lakini alikuwa anamegua kipande kidogo kama ukucha, anakiweka shavuni na funda la kahawa, kisha kingine baada ya mteja mwingine, tangu Alasiri hadi saa tatu usiku. Kwa meno, huo ulikuwa ni muda wote bila mapumziko. Vivyo hivyo kwa anayekunywa soda kwa mafunda kutwa nzima, na mtoto anayelala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi.

Mwezi wa Ramadhani naukumbusha kwa upendo nyumbani kwetu kila mwaka. Tunafuturu kwa tende, kaimati, tambi, uji wa sukari, tunaendelea kudokoa mpaka daku, kisha tunakula daku tamu na kulala palepale. Mswaki baada ya daku una kazi kubwa kuliko mswaki wa saa nyingine yoyote, kwa sababu usingizini mate hupungua na kutwa nzima ya saumu kinywa kitakuwa kikavu.

Sisi wa pwani tuna urithi mzuri katika jambo hili na sipendi tukiusahau. Neno mswaki, ambalo leo tunauitia ule wa plastiki, ni jina la mti, na nje ya misikiti siku ya Ijumaa bado utaona vijiti vyake vimefungwa mafungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema lau si kuuonea uzito umma wake angewaamrisha mswaki katika kila sala. Mtu akikitafuna kijiti ncha yake ikawa nyuzi, akasugua sawasawa na kukata ncha iliyochakaa, anasafisha meno vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hakifiki kirahisi nyuma ya magego na upande wa ndani, na hakina floraidi isipokuwa utumie na dawa ya meno. Floraidi ni madini yanayoirudishia ganda la jino nguvu kabla tundu halijafunguka. Wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna sehemu wanayo kupita kiasi kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya volkano, ikawapa watoto meno ya kahawia. Kwa maji ya huku kwetu hilo si tatizo, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi inatuhusu sana. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, ya usiku isikosekane kabisa. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, maana utakuwa umeiosha dawa uliyoinunua. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele.

Habari ya watoto inanitia uchungu kuliko zote. Dada yangu alipojifungua, mtoto akiwa na miezi mitano akapata homa na kuhara. Jirani, mama mwema aliyetupikia kwenye arobaini, akamfungua mdomo akasema ana meno ya plastiki, apelekwe kwa fulani yatolewe. Kilichoonekana ni uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale chonge linapokaa. Wengi wenu mmeusikia ushauri huu. Uvimbe ule ni chonge lenyewe la utoto, changa, laini, linalosubiri kuota mtoto akiwa na karibu mwaka mmoja na nusu. Kulichokoa kwa msumari au spoku ya baiskeli kunamwachia mtoto kidonda, damu, pengine pepopunda, na chini yake kuna kichipukizi cha chonge la ukubwani ambacho kinaweza kuharibiwa maisha yote. Wakati huohuo kuhara kunaendelea kumkausha. Kulaumu meno ya mtoto si ujinga wa kwetu peke yetu. Ufaransa karne ya 16 mpasuaji mkubwa Ambroise Paré alikuwa anapasua fizi za watoto kwa kuamini hivyohivyo, na Ulaya ilichukua mamia ya miaka kuacha. Sisi tuache leo. Dada alimpeleka mtoto kituo cha afya, akapewa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Sasa ana miaka minne na machonge yake yote manne.

Na bibi yangu mzaa baba alikuwa na kijaluba. Jani, popoo, chokaa, kidogo tumbaku, midomo myekundu, harufu nzuri ya nyumba yake siwezi kuisahau. Nampenda na ninasema ukweli: mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayekula tambuu, ugoro au kuberi ajikague mdomo, chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, lionyeshwe kwa daktari hata kama haliumi.

Kwenda mara ngapi? Watu wamezoea kusikia miezi sita. Daktari wa baba aliniambia inategemea mdomo wa mtu. Mwenye kisukari au fizi zilizokwisha ugua kila miezi mitatu hadi minne, mwenye kinywa kizima anaweza kufikisha mwaka. Mjamzito aende pia. Mama alikuwa akituambia kila mimba huondoka na jino, na si kweli, mtoto hachukui madini kwenye meno ya mama yake. Ni fizi zinazovimba kwa mabadiliko ya homoni, na kutapika kunakoleta asidi kinywani. Vyote vinatibika akiwa na ujauzito wake.

Jambo la kuniudhi ni kwamba kwetu daktari wa meno bado ni mng'oaji. Nilikaa kwenye benchi la kitengo kile mara nne nikimsubiri baba, na karibu kila aliyekaa nami alikuja na shavu mkononi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Pale benchini nilijionea jinsi idadi hiyo inavyofikiwa: kijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, bibi kutoka Pongwe na mjukuu wake, kila mmoja ananieleza lini jino lilianza, na kila mmoja anasema "lilikuwa limelala."

Baba alipoteza magego mawili. Mengine yamebaki yakiwa imara. Alisafishwa chini ya fizi kwa ganzi, upande mmoja kila safari, na kila safari alirudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni akijipapasa mdomo kwa ulimi. Wiki ya tatu alipiga mswaki, akatema, akaniita bafuni nione. Povu jeupe. Akafungua maji taratibu kulisukuma.

Kipimo cha miezi mitatu kilichofuata kilisoma 8.7. Siwezi kusema yote ni fizi, kwa sababu kashata nazo amezihamishia baada ya chakula cha mchana, na mwendo wa kutembea umerudi. Bado hatujafika 7. Lakini ni mara ya kwanza namba ile kuteremka tangu aanze dawa, na nilimwomba radhi kwa maneno niliyomwambia. Akasema, "Hukujua, mama. Na mimi sikujua."

Usiku tunaendelea na utaratibu wetu. Maji ya vuguvugu, taulo, tochi. Mama anakipokea kioo, lakini hakianzi chini tena. Baba anakishika mwenyewe kwanza, anavuta mdomo wa chini kwa kidole, mimi namulika, tunatazama ufizi wote kuanzia kulia kwenda kushoto. Kisha anakigeuza na kumpa mama kwa ajili ya miguu. Ijumaa iliyopita alimpigapiga pweza mwenyewe uani, akataka achemshwe zaidi kidogo, akala vipande saba.